Mwasumini wa jirani na maji ya mgao



Mtaani kwetu, upande wa Temeke, kina mama tunayo ada ambayo hakuna aliyeianzisha kwa makusudi. Ikishaswaliwa Alasiri na jua likaanza kulegea, kila mmoja wetu hutoka na kopo lake au ndoo yake ndogo kwenda kumwagilia. Bustani zenyewe si za kujivunia mbele za watu. Ni vipande vya ardhi vilivyobaki baina ya kuta na njia, hatua sita kwa tatu. Ni viroba vya unga vilivyojazwa udongo na samadi ya kuku. Ni ndoo zilizotoboka na matairi makuukuu yaliyolazwa ubavu. Humo mna mchicha, matembele, bamia, nyanya chungu, pilipili, mchaichai na mrehani. Na kwa kuwa vipande hivi vimepakana, na maji yakimwagwa kwa pupa huondoka na udongo, mtu hulazimika kumwaga taratibu, na mwenye kumwaga taratibu hana budi kuzungumza na aliye karibu naye.

Mazungumzo huanzia kwenye jani. Vidukari vimeingia katika bamia: yupo anayesema atiwe majivu alfajiri, umande ungalipo ili yagande, na yupo anayeapa kwa majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, yakalazwa majini usiku mmoja, yakachujwa na kutiwa sabuni kidogo. Mchicha nao una madhehebu mawili, ya wanaong'oa na ya wanaokata. Sisi ni wa kukata, kwa kuwa ukiacha shina na macho yake mawili matatu, utavuna tena bila kununua mbegu. Matembele hayahitaji huruma nyingi. Ukichomeka kipande cha mshipi wake katika udongo wenye unyevu, kinashika. Kutoka hapo, bila ya mtu kutambua, tunakuwa tumefika kwa mtoto aliyefeli hesabu, bei ya mchele, mume aliyechelewa kurudi safari, mguu wa bibi unaovimba. Ukiyaandika unaona ni mambo madogo, lakini tumewahi kupitisha miezi ambayo saa hiyo moja ndiyo iliyokuwa ikituweka wima.

Na hapo ndipo hupangwa matembezi. Kila likizo ya Desemba tunakubaliana pahala pamoja pa kuwapeleka watoto. Mwaka 2021 tulivuka na pantoni kwenda Kigamboni, na watoto wakarudi na mchanga hadi masikioni. Mwaka 2022 shauri lilikuwa ni Bustani ya Mimea iliyopo mjini, karibu na Makumbusho ya Taifa. Mmoja wetu alieleza kwamba Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 ili kujaribia mazao kama kahawa, chai na mpira, na kwamba umo humo mnazi wa Shelisheli, ule wenye tunda ambalo mtu mmoja hawezi kulibeba kwa mkono mmoja. Tukacheka tukisema kwamba imepasa sisi wa viroba na matairi twende tukawaamkie wakubwa zetu.

Jirani mmoja katika baraza letu hili huwa hatumwoni kwa macho. Ni wifi yetu aliyeolewa Uingereza, ambaye hututumia sauti yake kwa simu. Kwetu ikiwa kipupwe na tunatafuta mashuka mazito, kwake ndiyo majira ya joto. Husema kuwa mwezi wa saba Magharibi kwao huingia baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo akishapika bado ana mchana mzima wa kukaa na giligilani yake na mchicha alioupeleka mbegu kwa bahasha. Mwaka huo sauti yake ilikuwa ya mshangao. Mnamo Julai joto la nchi ile lilipita nyuzi 40, jambo ambalo halikupata kurekodiwa kabla yake, na katika sehemu kadhaa watu wakakatazwa kumwagilia kwa mipira ya maji. Mzee wa Kizungu anayepakana naye, ambaye kwa miaka walikuwa wakisalimiana kwa kuinua mkono tu, alimfuata ukingoni kumwonyesha namna ya kuteka maji yaliyokwisha kuogewa na kuyapeleka kwenye nyanya. Naye wifi akamfundisha maji ya kuoshea mchele. Tangu siku hiyo, asema, hawaachi kuzungumza.

Sisi tulisikiliza kama wasikilizavyo watu hadithi ya mbali. Hatukujua kuwa tumebakiwa na miezi mitatu.

Mvua za vuli zilipochelewa, kina cha Mto Ruvu kikashuka, na mwezi wa Oktoba mgao wa maji ukatangazwa Dar es Salaam. Wasomaji wetu wa jijini hawahitaji kuelezwa. Mabomba yalikauka siku hata siku, na madumu ya lita 20 yakapangwa foleni vibarazani kama watoto wa madrasa. Saa ya kumwagilia haikufa, lakini mazungumzo yake yalibadilika ladha. Swali lililotutawala lilikuwa hili: je, yajuzu mtu kumwagilia ilhali jirani yake ananunua maji ya kunywa? Tukajitolea fatwa wenyewe, na hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. Tukasema mchicha unaliwa, basi umwagiliwe kidogo. Bamia vivyo hivyo. Maua, hapana.

Katika nyumba ya kona yupo mmoja wetu ambaye sote tunamwita shangazi, ingawa damu hatukuchangia. Ndiye mwenye kisima, cha kuchimbwa kwa mkono. Na ndiye mwenye mwasumini uliopanda ukuta wake mpaka juu, ambao mbegu yake, yaani kitawi chake, marehemu mama yake alikuja nacho kutoka Unguja. Usiku wa joto harufu yake huingia hata kwetu tusiokuwa na haki nayo. Katika mgao huo shangazi alitangaza kuwa kila nyumba itateka madumu mawili asubuhi, si zaidi, na akishafunga kifuniko asigongewe. Tukakubali, maana hatukuwa na pengine. Lakini majani ya kila mtu yalipokuwa yakijikunja kwa kiu, mwasumini ule ulikuwa kijani, na tena ukichanua.

Jioni moja shangazi alikuwa amechelewa kutoka. Mmoja wetu akauangalia ule ukuta, akasema kuwa mwaka huu ua lina bahati kuliko mtoto wa mtu. Wa pili akatia chumvi: huenda kile kifuniko kikifungwa asubuhi hufunguliwa usiku. Waliobaki tukacheka. Hatuandiki hapa nani alisema na nani alicheka, kwa sababu tulipolipima baadaye hatukuona tofauti kubwa baina ya ulimi na meno. Palikuwa na mtoto amesimama na bakuli akingoja majani ya mchaichai. Jioni ile ile maneno yalikuwa yamefika kona.

Kesho yake hakutoka. Tukasema ni mguu. Siku ya pili tukasema labda ana wageni. Siku ya tatu tulikuwa tunajua, na hakuna aliyesema kitu. Alasiri geti lake la bati lilifungwa, ila asubuhi lilifunguliwa kwa wakati wake, na kila nyumba ikateka madumu yake mawili kama kawaida. Tungeona nafuu kama angetukatalia. Kubeba maji ya mtu uliyemteta, huku amesimama pembeni anakujibu salamu yako kikamilifu na kuingia ndani, ni jambo ambalo hatumtakii msomaji.

Wiki ikaisha hivyo. Yupo kati yetu bibi mmoja aliyekaa Oman miaka mingi kwa wanawe, mtu wa maneno machache. Alikuja na kiti chake, akaketi, akauliza, "Mwenzenu yu wapi?" Tulipoinamia ndoo zetu, hakurudia swali. Akaanza kutusimulia mambo ya falaji.

Falaji, kwa wasioijua, ni mfereji wa maji yanayotolewa chini ya mlima au katika chemchemi na kuongozwa kwa mteremko, wakati mwingine maili nyingi, mpaka kijijini. Mifereji mitano ya namna hii nchini Oman iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na mmoja wao, Falaj Daris, upo Nizwa. Bibi alieleza mpango wake. Maji yanapotokeza juu ya ardhi, pahala pa kwanza ni pa kunywa, na hapo haruhusiwi mtu kufua wala kuosha chombo. Chini yake huja msikiti na wudhu, kisha kuoga, kisha kufua. Pana na pahala pa kuoshea maiti. Yaliyobaki baada ya hayo yote ndiyo huingia katika mitende na bustani, na huko hugawanywa kwa muda, kila mwenye haki zamu yake. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa, na usiku kwa nyota. Siku hizi wanatazama saa. Zamu nyingine zimewekwa wakfu ili kodi yake itengeneze mfereji au isaidie msikiti.

Tukafurahi, tukidhani bibi ametupa hoja. Si ndiyo tuliyoyasema sisi? Kinywa kwanza, ua mwisho. Akatuacha tumalize furaha yetu, kisha akasema, "Kule wanaye mtu wa kugawa zamu, wanamwita arifu. Kachaguliwa, na watu wamemridhia. Hapa nyinyi, nani aliyewapa uarifu?"

Tumelichukua swali lile tukaenda nalo kwa wajuzi, na hapa tunaandika tulichokipata, kwa kuwa tunaamini si mtaa wetu pekee uliopitiwa na jambo hili. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kuyazuia maji yaliyomzidi. Ila neno lililobeba uzito ni hilo la kuzidi. Aliyechimba kisima katika milki yake ndiye wa kwanza kukidhi haja yake na ya watu wa nyumba yake. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa pwani, wametenganisha kiu ya kiumbe na kiu ya mmea: ziada ya kisima huwajibika kutolewa kwa mwenye kiu, na kwa mnyama wake, lakini haiwajibiki kutolewa kwa ajili ya shamba la mwingine. Na maji yaliyokwisha kutekwa na kuwekwa chomboni ni mali ya aliyeyateka. Kwa mizani hiyo shangazi hakuwa na deni kwetu. Waliokuwa na la kujibu ni sisi tuliomwagilia mchicha kwa maji ya dumu lake kisha tukamhesabia ua lake.

La pili lilikuwa zito zaidi. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu (s.w.) anatukataza kudhaniana vibaya, kupelelezana na kusengenyana, kwa mfuatano huo. Sisi tulianza na dhana ya kifuniko kinachofunguliwa usiku, tukapita kwenye macho ya ukutani, tukamalizia kwa ulimi, hatua kwa hatua, kama tuliopewa ramani. Na Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa kumsema ndugu yako kwa alilo nalo, asilopenda kusemwa, ndiko kusengenya, asipokuwa nalo, ni uzushi. Tukaulizana letu ni lipi kati ya hayo mawili, na jibu lilitutia aibu, kwa kuwa hatukujua. Hatukuwahi kuuliza.

Kuhusu toba yake, wanazuoni wamezungumza. Ikiwa maneno hayakumfikia msengenywaji, wapo waonao kuwa ni bora asielezwe, kwani kumweleza kwaweza kuzua machungu mapya. Bali aombewe maghfira na atajwe kwa mema pale pale alipotajwa kwa mabaya. Yakishamfikia, hapana njia ya mkato. Ni kwenda kumwomba radhi.

Tulikwenda baada ya Magharibi, wanne na bibi. Tulipiga hodi, tukakaribishwa, tukaketi juu ya mkeka. Bibi hakutusaidia hata kwa neno. Alikuja kama shahidi. Mwenye kuanza alianza, na akataja maneno kama yalivyosemwa, bila kuyapaka sukari. Tunasisitiza hilo kwa kuwa tulikuwa tumeshauriana njiani tuseme tu "kama tumekukosea." Mbele ya uso wake ile "kama" ilikataa kutoka.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatueleza, si kwa kujitetea, bali kama mtu anayejibu swali lililochelewa. Kisima chake wakati wa kiangazi hubaki maji ya magotini. Kikitekwa kwa haraka kuliko kinavyojaa, chumvi huingia, kama viingiliwavyo visima vingi vya ukanda huu wa pwani, na ikishaingia haiondoki kwa siku nyingi. "Ningewaachia mteke mtakavyo, tungekunywa chumvi sote, na mimi pamoja nanyi," alisema. Na mwasumini? Maji ya kuoshea mchele, na ya kuoshea mboga. Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Siku nyingine hunitoka mkono nikatia na kopo moja la kisimani. Ule ni mkono wa mama yangu. Mwenyezi Mungu anisamehe."

Hatukuwa na la kusema. Tulikuja kuomba radhi, na aliyekuwa akiomba msamaha sasa ni yeye.

Yupo msomaji atakayetarajia kuwa hapo tulikumbatiana. Haikuwa hivyo. Shangazi alisema, "Nimesikia, wanangu. Nipeni siku." Akatupa chai, tukanywa, tukaondoka.

Siku alizozitaka zilikuwa tisa, tulizihesabu. Katika siku hizo tulifanya yaliyokuwa mikononi mwetu. Tuliwaambia watoto, akiwemo yule wa bakuli, kuwa tulisema tusiyoyajua na kwamba tumekwenda kuomba radhi. Wakashangaa zaidi kwa hilo la pili. Na tukaacha kumwagilia kwa maji ya dumu. Maji ya mchele tuliyokuwa tukiyamwaga mferejini tukayawekea ndoo yake. Chini ya mikono na miguu ya wenye kutawadha tukaweka beseni, kwa kuwa maji yale ni tohara na mmea hauyakatai. Ya kufulia tukayaepusha na mchicha kwa ajili ya sabuni. Tukafunika udongo kwa majani makavu na vipande vya makuti, na unyevu ukakaa siku mbili pale palipokuwa pakikauka kwa nusu siku. Bamia tuliichimbia chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo chini, ikajazwa na kuachwa itoe tone kwa tone mizizini. Wifi wa Uingereza tulipomweleza, alisema kuwa yule mzee jirani yake ana chupa kama hizo, amezipanga safu nzima. Mchicha wa kiroba kimoja ulikufa juu ya hayo yote. Matembele, kama tulivyosema, hayahitaji huruma nyingi.

Kilichotutia unyonge ni matembezi. Likizo ilikuwa imefika, na Bustani ya Mimea ilikuwa imekwisha tajwa kwa watoto, lakini kila tulipoanza kupanga tulisimama katikati. Kila mwaka chai ya hiliki na visheti hutoka nyumba ya kona. Hapakuwa na mtu aliyethubutu kusema kuwa atakaanga yeye, wala aliyethubutu kuuliza.

Alhamisi, baada ya Alasiri, geti la bati lilifunguliwa. Shangazi alitoka na kopo lake la maji ya mchele. Tukamwamkia, akaitikia. Akaumwagilia mwasumini wake wote, taratibu, bila kutazama pembeni, nasi kila mmoja akawa ameshughulika na jani lake kupita kiasi. Alipomaliza akaja hadi kwenye bamia zetu, akageuza jani moja juu chini.

"Vidukari hivi. Majivu mmetia lini?"

"Juzi, shangazi."

"Alfajiri au jua limekwisha toka?"

Tukakiri kuwa jua lilikuwa limetoka. Akatikisa kichwa, akatuambia kuwa majivu makavu juu ya jani kavu ni kuulisha upepo. Akachuma tawi la mrehani wa bibi, akalinusa, akalichomeka katika kanga. Kisha, akiwa amekwisha kutupa mgongo kurudi kwake, akauliza, "Huko kwenye bustani ya Wajerumani mnakwenda Jumamosi au Jumapili?"

Tukamwambia Jumapili.

"Basi unga wa visheti uletwe Ijumaa," alisema, "na mafuta, maana mimi sina."